Aliyelazwa kwa Jina Langu

3 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba ya ile shikamoo ambayo najua umeshaitoa kabla hujachana bahasha. Huku tu wazima, ukiondoa mgongo wangu, ambao siku hizi una serikali yake na haupokei amri ya mtu. Binti yangu ameingia darasa la sita na sasa anatusahihisha wote tunavyoongea. Mdogo wake ameng'oka jino la mbele na anawatabasamia hata watu asiowajua. Shangazi anakusalimu sana. Sikio lake la kushoto limekwisha kabisa, kwa hiyo anasikia anachotaka tu, kama alivyokuwa zamani.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mimi niliyekuwa nakutumia ujumbe hata wa kukuuliza umepika nini. Usinipigie simu, wala usinitumie chochote. Laini yangu ilisajiliwa kwa jina la baba watoto tangu tulipooana. Wiki iliyopita, mahakamani, wakili wake alitoa bunda la karatasi, kumbe ni maneno yangu, yamechapishwa yote, hata niliyomwandikia fundi bomba. Nikasomewa mbele za watu. Nilitamani sakafu inimeze. Niandikie kwa anwani ya karakana tunakoshonea sare. Msimamizi wetu ni mkali lakini hafungui barua ya mtu.

Sasa sikiliza. Unajua nilifungua shauri la matunzo baada ya baba watoto, Mheshimiwa wetu, kuhamia kwa yule mwanamke wake na kuacha hata kuuliza watoto wamekula nini. Wakili wangu, binti wa msaada wa kisheria, aliandika kwamba siwezi kushona kutwa kwa sababu ya mgongo, na ni kweli. Nikikaa kwenye cherehani muda mrefu mguu wa kulia unakufa ganzi, inabidi nishike meza ndipo nisimame. Upande wa pili wakajibu: vizuri, kama afya yake ndiyo hoja, faili lake la hospitali liletwe. Faili lote, tangu siku nilipopewa kadi ya bima ya mke kutoka ofisini kwake.

Najua hapo umeweka barua chini. Iinue tena. Faili lote maana yake na zile wiki za mwaka aliofariki mama. Wodi ya juu, chumba cha mwisho, dirisha lenye nondo. Aliyelala pale ni wewe, lakini kadi ilikuwa yangu na jina lililoning'inizwa kitandani lilikuwa langu. Wauguzi walikuita kwa jina hilo mpaka ukajifunza kuitika. Na aliyesimama kwenye dirisha la mapokezi akasema "huyu ni mke wangu", akatia saini, ni Mheshimiwa huyu huyu. Siku ile nilimshukuru nikalia.

Kwa hiyo anajua vizuri nani alilala pale. Na anajua siwezi kusema. Katika hati yake ameandika kwamba ana wasiwasi juu ya akili ya mke wake, na kwamba watoto wakae kwake kwa usalama wao. Wakienda kwake, nitadai matunzo ya nani? Nikisema sikuwa mimi, nitaulizwa alikuwa nani. Nimekaa na jambo hili tangu wiki ile.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia usije ukasikia kwa watu. Unalala vizuri? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Shikamoo tena, hata kama umeshaipokea. Watoto wako nawakumbuka. Mwambie mwenye pengo kwamba huku kwenye basi langu wapo sita kama yeye, na nikifunga breki wote wanaangalia sakafuni kama jino limedondoka.

Barua ilifika shuleni. Endelea kuandika kwa sanduku la shule, usitume nyumbani. Mume wangu hana tabia ya kufungua barua ya mtu, lakini ana tabia ya kuuliza, na mimi nikiangaliwa usoni sijui kudanganya. Yeye mzima. Sebule imejaa majokofu ya watu yaliyofunguliwa tumbo, tunapita ubavu ubavu. Akitengeneza moja wanamletea mawili.

Kazi inaendelea. Tuliahidiwa basi jipya, tunaendelea kuahidiwa. Asubuhi nalizunguka hili la zamani kabla sijawasha: matairi, taa, maji, breki. Jioni napita kiti kwa kiti hadi nyuma, maana kuna shule moja hapa jirani iliwahi kumfungia mtoto ndani amelala. Mimi sijawahi kumsahau mtoto. Wananiita Dereva, utadhani ndilo jina nililopewa na wazazi.

Kuhusu mambo ya huko. Wakili wako hawezi kuomba zitolewe karatasi za mgongo peke yake?

Dada, nilipoajiriwa hapa niliulizwa kama nimewahi kutibiwa akili. Nikajibu hapana. Wala sikujiona mwongo, kwa sababu kwa karatasi mgonjwa ni wewe. Mwalimu mkuu akijua atachukua funguo siku hiyo hiyo, na sitamlaumu. Ningekuwa na mwanangu ndani ya basi lile ningefanya vivyo hivyo. Mume wangu naye anajua kwamba mwaka ule nilikuwa kwako nikikuuguza. Ndivyo tulivyomwambia. Ndivyo tulivyomwambia Shangazi na ukoo mzima, kwamba dada kachanganyikiwa kwa msiba na mdogo mtu kaenda kumshika mkono. Wewe ulisema, "Mimi nimeshaolewa, hainiharibii kitu." Nilikushukuru moyoni na sikuwahi kukwambia.

Nimeandika mstari unaofuata nikaufuta mara nyingi. Sasa nauacha. Naomba usinitaje.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Nimepokea barua yako na nimeisoma chooni karakanani, ndiko pekee hakuna mtu wa kuniuliza. Binti yangu amekuwa wa tatu darasani na amekasirika kwa kutokuwa wa kwanza. Sijui kachukua kwa nani. Hukunijibu kama unalala.

Nilirudi mahakamani juma lililopita. Ungeiona ile korido. Benchi refu la mbao, ukuta wa kijani mpaka usawa wa bega na juu yake rangi nyeupe iliyobabuka, wanawake na watoto wao, wanaume na bahasha zao, kila mmoja anajifanya hamsikilizi mwenzake. Karani anatoa kichwa mlangoni, anaita, anarudisha kichwa.

Hakimu ni mwanamke wa makamo, mwenye mafua, anasikiliza huku leso ikiwa puani. Alinipa moyo kidogo. Alisema habari za hospitali ni siri ya mgonjwa na hazitamwagwa mezani kwa kila mtu. Faili litaletwa kwake limefungwa, atalisoma peke yake ofisini, kisha aamue yapi yaonekane. Nikapumua. Halafu akaongeza kwamba kabla hajalifungua, mimi nitakula kiapo kwamba faili ni langu na yaliyomo ni yangu. Pumzi ikarudi ilikotoka.

Wakili wangu aliniuliza nje, kwa upole, kama kuna kitu humo ndani anachopaswa kukijua mapema. Nikamwangalia machoni nikamwambia hakuna. Ni binti mwema, anabeba majalada yake kwenye mfuko wa sokoni, anasimama kwa ajili yangu bila ujira, na mimi namdanganya mchana kweupe.

Mheshimiwa alinifuata kwenye ngazi. Suti, tai, viatu vinang'aa. Yule ni mtu wa kufa na tai shingoni. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alinisogelea akaniambia taratibu, "Mama watoto, mimi sina ugomvi na mdogo wako. Anaendesha watoto wa watu, anakula jasho lake. Ondoa shauri, faili libaki lilipo." Akanishika bega kama ananipa pole ya msiba, akashuka. Nikakaa palepale kwenye ngazi mpaka mfagiaji akaniomba nipishe.

Kuna na hili. Amemwandikisha Shangazi awe shahidi wake. Shangazi. Ataulizwa kama ni kweli mwaka ule niliumwa akili, na atasema ndiyo, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliomwambia. Amekuja juzi kunieleza kwa furaha kwamba anakwenda kunitetea. Atamwambia hakimu nilipona vizuri kabisa. Anatafuta gauni la kuvaa. Hata ningemwambia ukweli, angesikia?

Sijaamua neno. Wewe niambie tu unalala.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua imekuwa nyingi na barabara ya chini imekatika, kwa hiyo nazunguka njia ya reli, na watoto wanachelewa, na wazazi wanapiga simu. Mume wangu anasema majokofu hayafi wakati wa mvua, kwa hiyo amepumzika.

Wiki hii nimekuwa nafunga mabomba yote ya nyumba kabla sijatoka kwenda kazini. Na ya shuleni pia, yale ya uani. Nikiyafunga nafanya kazi vizuri.

Tafadhali usiniandikie habari za lile jambo kwa sasa.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Leo sina salamu za watu. Wote wazima, basi.

Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka imechakaa mikunjo. Mabomba. Unajua kwamba najua. Mwaka ule hukuanza kwa kupiga kelele wala kuvunja vitu. Ulianza kwa kufunga mabomba. Nilikukuta uani kwetu umekaza koki mpaka mkono umechubuka, nikakuuliza nini, ukaniambia mama anaongea ndani ya maji na hamalizi sentensi. Ulisema kwa utulivu kabisa. Baada ya hapo hukulala, na sisi tukadhani ni msiba, tukakwambia kaza moyo, mpaka siku uliyotoka barabarani na kanga moja ukimtafuta.

Ni mimi niliyekurudisha huko. Kwa barua hizi. Nimekuogopesha kwa shauri langu wakati wewe ulikuwa umetulia na mume wako na basi lako. Nakuomba unisamehe, na nakuomba umwone daktari. Halafu nakumbuka daktari atakuuliza kama uliwahi kuumwa hivi, na utasema nini? Utampa kadi ya nani? Nikifika hapo najishika kichwa.

Basi nimeamua. Usifikirie tena jambo hili, limekwisha. Tarehe sita Mei nitaapishwa, na nitasema ni mimi niliyelazwa. Hakimu atasoma, Shangazi atasimama na gauni lake aseme niliumwa nikapona, na wewe hutatajwa na mtu. Wakili anasema watoto wakipewa baba yao nitaruhusiwa kuwaona siku za mapumziko. Nawajua akina mama wenye watoto wa kuonana nao Jumapili. Wanawaleta karakanani kupimwa sare, watoto wanakaa wima kama wageni. Naogopa sana, mdogo wangu. Naogopa binti yangu atakua akijua kwamba mama yake ni kichaa aliyenyang'anywa watoto, na kwamba sitaweza kumwambia si kweli. Lakini nikiweka hilo upande mmoja na wewe upande mwingine, wewe ni mzito zaidi, kwa sababu watoto watakuwa wazima popote walipo.

Kiapo cha uongo ni kosa, ninajua. Na ile kadi yenyewe ni kosa, wote watatu tunaweza kufikishwa polisi kwa kadi ile. Mheshimiwa anategemea nitanyamaza, na mimi nitanyamaza kweli.

Andika neno moja tu. Andika "nimelala" hata kama ni uongo.

Dada yako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Hujajibu. Msimamizi amenichoka, kila mtu wa posta akipita naacha mashine inazunguka na kitambaa hakipo.

Jana niliomba simu ya ofisini nikapiga shuleni kwenu. Mwanamke aliyepokea akasema basi lina dereva mwingine kwa sasa. Nikauliza huyo wa siku zote yuko wapi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikakata. Nilikuwa naogopa kusema jina langu, unaona tulipofika? Jina langu mwenyewe.

Sijui kama unasoma hii. Kama ni mume wako anayeisoma, shemeji, nakuomba mwangalie mke wako, usimwache peke yake, na usimpigie kelele. Na msimpeleke wodini bila mtu wa kukaa naye.

Dada


8 Mei

Mdogo wangu,

Sina hakika naandikia nani, lakini lazima nieleze kwa mtu, na mtu huyo siku zote umekuwa wewe.

Juzi nilikwenda. Nilivaa sketi ya kijivu na viatu vya chini. Nilipoingia chumba cha hakimu, faili lilikuwa mezani, bahasha kubwa ya kaki imefungwa kwa gundi na mhuri juu. Sikuwahi kuliona likiwa nene hivyo. Wewe na mimi tumo humo pamoja, nikafikiri, mgongo wangu na mama yetu.

Karani aliniambia ninyanyue mkono. Nikanyanyua. Wakati ule Mheshimiwa hakuwa ndani; alikuwa ametoka kidogo kupokea simu, na hakimu akasema tumsubiri, akatoa leso yake. Basi nikasimama na mkono wangu juu, nikaushusha, nikaunyanyua tena, sijui afanyeje mtu mwenye kiapo mdomoni. Nilikuwa nimeyaweka maneno tayari. Faili ni langu na yaliyomo ni yangu. Nilikuwa nayarudia kimoyomoyo.

Mlango ukafunguliwa akaingia. Sijawahi kumwona hivyo tangu nimfahamu. Midomo imekauka, tai imekaa upande. Hakuniangalia. Alimwinamia wakili wake akamnong'oneza, wakili akashangaa, akamnong'oneza tena. Halafu wakili akasimama akasema mteja wake anaondoa maombi ya faili, anaondoa na maombi ya watoto, na kuhusu mgongo anakubali barua ya daktari peke yake itoshe. Hakimu akamwuliza Mheshimiwa mwenyewe kama ndivyo. Akasema ndivyo. Sauti haikutoka vizuri, akaulizwa tena.

Hakimu akasema faili lirudishwe hospitali likiwa limefungwa kama lilivyokuja. Matunzo ataamua mwezi ujao, na hadi hapo watoto wabaki walipo. Wakili wangu aliniminya mkono mpaka pete ikaniumiza. Na mimi, badala ya kufurahi, hofu ilizidi. Mtu yule haachi kitu bure. Nimejiuliza amepata nini kikubwa kuliko watoto. Nimejiuliza, na jibu linalokuja kila mara ni wewe. Kwamba amekufanyia jambo, au amesikia umefikwa na jambo, na hahitaji tena faili.

Shangazi hakuitwa. Nilimkuta kwenye benchi na gauni lake la maua, macho mekundu. Nikamwuliza kuna nini, akajifanya hasikii. Nikamwuliza kwa sikio zima, akanishika mkono, hakuuachia mpaka nyumbani. Tangu juzi kila nikimwuliza anabadilisha habari. Nimewahi kumwona Shangazi akinyamaza lini?

Kama u mzima, nijulishe. Kama si mzima, anijulishe mtu.

Dada yako


17 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Barua zako zote nimezipata, na ile uliyomwandikia mume wangu ameisoma mwenyewe, akaikunja akaiweka mfukoni mwa shati. Nimeomba anirudishie, amekataa, anasema ni yake.

Siku ile ya kiapo, aliyekuwa amekaa na Shangazi kwenye benchi wewe ukiwa ndani ni mimi.

Nianze nyuma. Nilipokuandikia habari za mabomba nilijiambia si kitu, kwa sababu bomba la jikoni lilikuwa linavuja kweli na mume wangu alikuwa ameliona mwenyewe. Lakini la uani shuleni halikuwa linavuja. Nilimsikia mama, dada. Si siku zote. Mara ya mwisho nilikuwa kwenye njia ya reli, basi limejaa, mvua inapiga paa, na mama akawa anasema kitu ndani ya mvua, na mimi nikainamisha kichwa nimsikie. Nikainamisha kichwa, dada, mikono iko kwenye usukani. Mtoto wa kiti cha mbele akasema, "Dereva, kijani." Taa ilikuwa imeshabadilika zamani na magari yalikuwa yananipigia honi nyuma. Nilimfikisha kila mmoja kwao. Halafu nikapita kiti kwa kiti, nikarudia, nikarudia tena, kisha nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu nikaweka funguo mezani nikamwambia yote. Hakunifukuza. Hakunikumbatia pia. Alisema basi atalishika mwingine mpaka daktari aandike vinginevyo, na kuhusu lile jibu nililotoa nilipoajiriwa, bodi itakaa. Bado haijakaa. Nasubiri.

Jioni nikamwambia mume wangu. Alikuwa na bisibisi mkononi. Aliiweka chini, akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Mimi nilikuwa naangalia mlango nikipima kama ataondoka. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Miaka yote hii ulikuwa unaniogopa mimi?" Nikasema ndiyo. Akalia, yeye, si mimi.

Barua yako ya tarehe kumi na nne niliisoma baada ya hapo. Niliposoma kwamba utasema ni wewe, nilipanda gari la kuja huko. Sikukwambia, kwa sababu ungeniambia nirudi nyumbani nikapumzike, na mimi ningekutii, kama siku zote. Hata siku yenyewe sikukusubiri utoke kwa hakimu, kwa sababu hiyo hiyo.

Nilipofika koridoni ulikuwa umeshaingia. Shangazi akapiga ukelele wa furaha, nikamnyamazisha, nikamsogelea sikio zima nikamweleza nani aliumwa mwaka ule. Sikuweza kusema polepole, benchi zima likasikia. Nilikuwa nimekuja kumwomba karani anipeleke mbele ya hakimu nile kiapo mimi. Ndilo nililokusudia, sikukusudia mengine. Ndipo Mheshimiwa akatoka na simu yake sikioni.

Aliniona akasahau kuongea na mtu wa kwenye simu. Akanivuta pembeni. Akasema nimefanya nini kuja hapa, kwani sijui kwamba kazi yangu itapotea na mume wangu atanifukuza, yeye alikuwa ananilinda. Dada, nilishika ukuta wa kijani ule. Nikamwambia, "Shemeji, kazini nimeshasema. Kwa mume wangu nimeshasema. Sasa naingia kusema kwa hakimu nani alilala kitanda kile na nani alitia saini kwamba mimi ni mke wake. Wewe kazini kwenu umeshasema?"

Basi. Ile kadi ilitolewa na ofisi yake, na jina lililoko chini ya saini ni lake. Alisimama akinitazama, na mimi nikaona kwamba alikuwa amebeba hofu ile ile muda wote, na alikuwa ameipakia juu ya mgongo wako na wangu ili asiisikie uzito. Akaingia ndani. Sikuingia nyuma yake. Nilikaa kwa Shangazi mpaka nikasikia karani anasema maombi yameondolewa, nikaondoka.

Sijui kama nilifanya haki kutoingia. Wewe utaniambia. Bado mtu anaweza kutuuliza habari za kadi ile siku moja, na akiuliza, mimi nitajibu. Mwambie wakili wako ukweli, maskini, na mfuko wake wa sokoni.

Jana nilikwenda hospitali ya huku. Mume wangu alinisindikiza mpaka getini, nikamwomba aniachie hapo. Kuna dirisha la kupokelea, na nyuma yake kijana mwenye miwani. Aliniomba jina. Nilisita, kwa sababu lililokuja mdomoni ni lako. Nikataja langu. Akatafuta, akasema, "Huna faili hapa." Nikamwambia afungue jipya. Akaandika jina langu juu ya jalada kwa kalamu nene, polepole, akanisomea kama amelipatia, nikasema amelipatia.

Daktari ni mwanamke, ana sauti ndogo. Kwenye kona ya chumba kulikuwa na sinki, koki inadondosha. Nilimwambia naiogopa. Hakucheka, aliinuka akaikaza, haikukaza vizuri, akaweka taulo chini yake. Kisha akakaa, akavuta jalada lile tupu karibu yake, akaniuliza kama hii ni mara yangu ya kwanza.

Nikamwambia hapana.

Mdogo wako